Mimi Namba Moja, Shemeji Namba Mbili

Alhamisi, 31 Julai

Baridi kali. Barua ya halmashauri imeingia asubuhi pamoja na karatasi za matangazo ya nyama. Wanataka kuboresha eneo la maduka hapa mtaani kwetu Pukerata. Nimeisoma mara tatu. Kuboresha, kwa lugha yao, ni kung'oa maegesho matatu yaliyo mbele ya duka langu na kuweka benchi, mti mmoja na masanduku mawili ya maua. Uamuzi utatolewa Novemba, na kura ya diwani mpya wa kata yetu ndiyo itakayoamua.

Miaka ishirini na sita nauza na kutengeneza mashine za kukata nyasi. Mtu habebi mashine ya kukata nyasi kwapani. Maegesho yakiondoka, duka la Pilbrow limekufa, na mimi Selwyn Pilbrow nimekufa nalo. Nimemwambia hivyo mke wangu Glenys. Akaniuliza kama hayo maegesho matatu si ndiyo yanayokaliwa na pikapu yangu, gari lake na tela letu tangu asubuhi hadi jioni, na kama wateja si huegesha ng'ambo, mbele ya duka la pai. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Akaendelea kumenya viazi.

Sasa, duka la pai. Mwenyewe ni Ngaire Rangihuna. Mtaa mzima unamwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Anagombea udiwani, na mpango huo wa halmashauri anaupenda kana kwamba yeye ndiye aliyeuzaa. Mpaka leo hana mpinzani. Fomu zinafungwa kesho saa sita mchana.

Nimeamua. Nagombea. Maneno yangu ya kijitabu cha wagombea, kile wanachotumiwa wapiga kura, tayari nimeyaandika jioni hii. Tunaruhusiwa mia moja na hamsini. Nimetumia mia moja arobaini na tisa, na kati ya hayo jina langu limo mara saba.

Ijumaa, 1 Agosti

Ofisi ya uchaguzi, saa nne. Msimamizi ni Bi Prema, mwanamke wa miwani na subira nyingi. Akanieleza kwamba safari hii hatuweki alama ya vema kama zamani. Tunawapanga wagombea kwa namba. Moja kwa umpendaye, mbili kwa anayefuata, tatu kama bado una hamu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, anayeshika mkia anatolewa, na karatasi zake zinahamia kwa yule aliyeandikiwa mbili. Nilimwomba arudie. Akarudia, polepole zaidi.

Hapo akili yangu ikawaka. Ngaire akiwa peke yake, wapenda benchi wote ni wake. Lakini je, akitokea mpenda benchi mwingine, mtu dhaifu, wa kushika mkia? Atamega kura za Ngaire. Kisha atatolewa. Na kura alizomega zitakuja kwangu, ilimradi amewaambia watu wake waniandikie mbili. Namwibia Ngaire kura kwa mkono wa mtu mwingine, na sheria inanishikia mlango!

Mtu dhaifu ninaye nyumbani. Merv Hoskin, kaka yake Glenys, yumo kwenye karavani nyuma ya nyumba yetu tangu Machi, alipowekewa nyonga mpya, na tangu hapo kila aendako anaulizia pa kukaa. Kazi yake ya maisha ilikuwa kusoma mita za maji. Nilirudi mbio, nikamkuta anakunywa chai akiwa na soksi mguu mmoja. Shemeji, nikamwambia, weka sahihi hapa. Akauliza ya nini. Ya udiwani. Akafikiri, akauliza kama atapata bango lenye picha yake. Nikamwambia atapata, dogo. Akaweka sahihi, akauliza kama kuna mtu ameiona soksi nyingine.

Garini nikakumbuka kwamba naye anahitaji maneno ya kijitabu. Nikamwambia ataje chochote, mimi ninaandika huku taa zikiwa nyekundu. Akasema: "Naitwa Merv. Nina nyonga mpya. Kutoka nyumbani mpaka kwenye pai hakuna pa kukaa. Nataka benchi." Nikangoja mengine. Hayakuja. Maneno kumi na matano kati ya mia moja na hamsini. Sikuwahi kufurahia kazi mbovu namna ile.

Saa sita kasoro dakika nne, fomu zote mbili zilikuwa mezani. Bi Prema alitazama anuani zetu, ambazo ni ile ile moja. Kisha akanitazama mimi juu ya miwani. Akagonga muhuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Mabango yamesimama kwenye uzio wa uwanja wa shule. Langu ni kubwa kuliko yote. Nimekunja mikono, nimesimama kando ya mashine ya kukata nyasi unayoiendesha umeketi juu yake, ile ghali. Chini yake: MAEGESHO KWANZA. La Merv limetokana na kipande kilichobaki kwa mchapaji. Picha alipigwa na Glenys mlangoni pa karavani, amevaa sweta la kijivu na kushika kikombe. Nimelisimamisha karibu na pipa la takataka, mahali panapomfaa.

La Ngaire linang'aa mno. Tena nimelitilia shaka. Sheria inasema bango lisizidi mita tatu za mraba. Nimelitazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Limezidi. Nimempigia Bi Prema simu kwa huzuni ya raia mwema.

Jumatatu, 18 Agosti

Amekuja mtu wa halmashauri na futi ya kupimia. Bango la Ngaire liko sawasawa. Akiwa pale pale akapima na mengine, kwa haki. Langu limezidi kwa upana wa kiganja.

Nimelikata kwa msumeno mvua ikininyeshea. Ama maneno yaondoke, ama paji la uso. Nimeacha maneno. Sasa naanzia kwenye nyusi. Ngaire alitoka dukani kwake akanishikia mwavuli mpaka nilipomaliza, na akasema jirani, hata ukikatwa nusu bado tunakufahamu. Alimaanisha nini? Glenys anasema hakumaanisha kitu, ni mwanamke mwema tu. Glenys hajui siasa.

Jambo la kuangalia: watu wanasimama kusoma bango la Merv. Liko kando ya pipa. Kila anayetupa kitu anakutana na uso wake. Nimelisogeza mpaka karibu na mlango wa choo cha umma.

Jumatano, 3 Septemba

Mkutano wa wagombea, ukumbi wa klabu ya wazee wanaocheza mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi. Watu themanini. Niliwahesabu.

Huku kwetu mtu akisimama mbele za watu hutaja kwanza mlima na mto wa mababu zake, ndipo jina lake. Mimi sikuwahi kuwa na mlima. Lakini nilikuwa nimejizoeza wiki nzima mbele ya kioo, kwa sababu watu hupenda hayo. Nikautaja mlima ule mkubwa wa nyuma ya mtaa, na mto unaoshuka kutoka kwake, kwa sauti nzito. Watu wakageuka kutazamana. Nikadhani nimewagusa.

Ikafika zamu ya Ngaire. Akasema amefurahi sana usiku huu, maana mlima ule ni wa mababu zake kwa vizazi kumi na viwili, na kumbe Selwyn ni ndugu yake na hakuwahi kujua. Akasema karibu nyumbani, ndugu yangu. Na kwa kuwa wewe ni wa familia, familia hawakai na wageni, familia wanaosha vyombo. Vikombe viko jikoni. Watu wakacheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na biskuti.

Maegesho niliyazungumzia vizuri. Dakika mbili kamili. Kisha mwanamke wa nyuma akauliza, ile pikapu ya kijani inayolala pale mbele tangu saa moja asubuhi ni ya nani? Na lile tela? Nikasema hilo ni swali zuri sana na kwamba muda wangu umekwisha.

Merv naye akaitwa. Akasimama kwa fimbo yake. Nilikuwa nimemwandikia la kusema, na mwishoni: tafadhali mwandikieni Selwyn mbili. Akakitazama kikaratasi, akakigeuza upande wa pili, akakitia mfukoni. Akasema amewahi kuingia kila ua wa mtaa huu kusoma mita, na anakumbuka mbwa wao wote kwa majina. Akasema anachotaka kipo kwenye kijitabu, na sasa anaomba akae. Akakaa. Sekunde ishirini. Walimpigia makofi kuliko mimi.

Nimeosha vikombe themanini na vitatu. Merv hakuweza kunisaidia. Alikuwa amezungukwa na watu wanaotaka kujua kama anamkumbuka mbwa wao.

Jumanne, 9 Septemba

Karatasi za kura zimeanza kufika kwa posta. Mtu anapanga namba zake mezani kwake, anarudisha kwa posta, au anatumbukiza kwenye sanduku la rangi ya chungwa pale kwenye duka kubwa la vyakula. Kwa hiyo vita sasa viko jikoni mwa watu.

Nimepata wazo. Watu wangu wa maegesho wataniandikia moja, sawa. Na mbili je? Wakiachiwa wenyewe, mwingine kwa ukarimu tu atamwandikia Ngaire. Namba mbili ni kitu cha hatari, kama wembe mezani. Ni lazima itupwe mahali ambapo haiwezi kumdhuru mtu. Merv! Kumwandikia Merv mbili ni sawa na kuitupa chooni, kwa sababu Merv hawezi kushinda chochote.

Nimechapisha vipeperushi mia sita: MIMI NAMBA MOJA, SHEMEJI NAMBA MBILI. Glenys alikisoma kimoja, akakisoma tena. Akaniuliza kama nina hakika na hesabu yangu. Nikamwambia mke wangu, hii ni mikakati. Akasema haya, akaninyoosha kola.

Jumatatu, 15 Septemba

Pigo. Halmashauri imeleta benchi la majaribio. Wiki moja. Limewekwa kwenye moja ya maegesho yangu, na tela imebidi nilipeleke nyumbani. Watahesabu watu watakaokaa. Wasipokaa, mpango unakufa.

Basi wasikae.

Saa kumi na mbili asubuhi nimebandika karatasi juu ya benchi: RANGI MBICHI. Rahisi, safi, hakuna aliyeumia. Nimekaa dirishani na chai yangu. Watu wanakuja, wanasoma, wanakwenda zao. Saa tatu, sifuri. Saa nne kasoro robo, bado sifuri. Nikaanza kupiga mluzi.

Saa nne akatokea Merv akienda kununua pai. Akafika kwenye benchi, akasoma. Akagusa? Hakugusa. Merv ni mtu anayeamini kilichoandikwa. Akasimama kando yake, akaegemea fimbo, akangoja rangi ikauke. Dakika kumi. Ishirini. Nikamfanyia ishara kupitia dirishani aende zake. Akanipungia mkono. Alikuwa amekunja uso kwa maumivu, na bado anangoja kwa adabu. Watu wakaanza kusimama pamoja naye. Mmoja akampiga picha. Mwingine akamletea kiti kutoka duka la vitu vya mitumba.

Dakika arobaini. Ndipo Ngaire akavuka barabara, akapitisha kidole kwenye mbao, akakitazama kidole. Kisha akalitazama dirisha langu. Nilikuwa nimeshainama kutafuta bisibisi.

Jioni picha iko kwenye ukurasa wa mtaa. Mzee na fimbo, kando ya benchi tupu. Watu mia nne na kumi wameipenda. Chini yake mtu ameandika: huyu ndiye anayejua tunachohitaji.

Ijumaa, 19 Septemba

Siku ya mwisho ya majaribio. Benchi limejaa wiki nzima. Wanakaa na pai zao wakielekea dirisha langu. Wakimaliza pai, wanabaki kutazama mashine. Wakichoka kutazama, wanaingia kuuliza. Nimeuza mashine saba toka Jumatatu. Wiki ya kawaida nauza mbili.

Ni bahati tu. Nyasi zinaota sana mwezi huu. Kama tela lingekuwepo pale, ningeuza kumi na tano.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimekwenda na Merv mlango kwa mlango ili nihakikishe anawaambia watu wake waniandikie mbili. Nikamsikia kwa masikio yangu. Bibi mmoja wa mtaa wa juu alimwuliza, Merv, na mbili tumpe nani? Akamjibu yeyote unayemwona anafaa, mama. Nilimkanyaga mguu. Akaniomba radhi, akidhani yeye ndiye aliyenikanyaga.

Njiani kurudi nikamweleza kwa upole kwamba tulikubaliana. Akasema anajua, shemeji, lakini watu wanamtazama machoni wanapouliza. Nikamwambia basi atazame viatu vyao. Akasema atajaribu. Halafu akasema jambo ambalo sikulitaka. Akasema tangu mkewe afariki hakuna aliyemtaka kwa kazi yoyote, na kwamba mimi nilivyomfuata na ile fomu, hatanisahau. Nimekosa raha tangu saa ile. Huenda ni pai ya samaki niliyokula mchana.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo ndiyo mwisho wa kutumia posta. Nimezunguka na vipeperushi vilivyobaki. Watu wa maegesho wako imara. Fundi wa matairi, moja kwangu, mbili kwa Merv. Mzee wa duka la rangi, hivyo hivyo. Kila mahali wananionyesha karatasi zao kwa fahari: wewe moja, shemeji mbili, kama ulivyosema. Sijawahi kuona watu watiifu namna hii. Nimemwambia Glenys kwamba nikishinda nitampa Merv kazi ya heshima ofisini kwangu, ya kupokea simu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kura zimefungwa saa sita. Tulikuwa sebuleni: mimi, Glenys na Merv. Nilivaa suti. Saa tisa na dakika ishirini simu ikalia. Bi Prema.

Akasoma namba za kwanza. Ngaire Rangihuna, 1,180. Merv Hoskin, 967. Selwyn Pilbrow, 641.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia huenda ameyageuza majina mawili ya mwisho, ni kosa la kibinadamu, sitalipeleka mbali. Akasema hapana, Bwana Pilbrow, wewe ndiye umeshika mkia. Umetolewa.

Nikakaa kitini. Nikafikiri, basi Ngaire ameshinda, maegesho yangu kwaheri. Lakini Bi Prema hakukata simu. Akasema Ngaire hakufika nusu. Kwa hiyo karatasi zangu 641 zimefunguliwa upya, zikatazamwa namba mbili. Sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, kama ya mtu anayezuia kicheko kazini. 31 zimekwenda kwa Ngaire. 22 hazikuwa na namba mbili. Na 588 zimekwenda kwa Merv.

Merv 1,555. Ngaire 1,211.

Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona wafuasi walioelekezwa vizuri namna ile. Akaomba kuzungumza na diwani mteule. Nikampa Merv simu. Merv akasikiliza, akasema ndiyo, akasema asante, akasema samahani, je, Shangazi ameshaambiwa? Hamjamwambia? Basi nitakwenda mwenyewe. Akanirudishia simu.

Kisha akanishika bega. Macho yamejaa maji. Akasema shemeji, wewe ulikuwa na watu mia sita na ukanipa wote. Sina la kukwambia.

Niseme kweli, niliona aibu. Aibu ya kweli. Nilitaka kumweleza kila kitu, na benchi lile, na rangi mbichi, na kwa nini nilimtafuta yeye na si mwingine. Nikafungua mdomo. Glenys akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu harusi yetu, akatikisa kichwa mara moja. Nikaufunga. Aibu ilidumu mpaka Merv alipouliza kama naweza kumpeleka kwa pikapu dukani kwa Ngaire, kwa kuwa ni mbali na njiani hakuna pa kukaa.

Ngaire alimkumbatia kwa nguvu mpaka nikaogopea ile nyonga. Alilia kidogo, naye, maana udiwani aliutaka sana. Kisha akafuta macho kwa aproni na kutugawia sote pai za bure. Yangu alinipa ya mwisho. Akasema hii ni yako, meneja wa kampeni.

Jumatano, 19 Novemba

Kikao cha halmashauri. Nilikaa nyuma kabisa. Merv alikuwa amevaa suti yangu, kwa kuwa ya kwake haina vifungo. Wakafika kwenye mpango wa madukani Pukerata. Sita wanaunga mkono, sita wanapinga. Wakamgeukia yeye.

Akasimama. Akakohoa. Nikamtazama kwa nguvu, nikijaribu kumwingizia maegesho kichwani kwa macho tu. Akasema anaunga mkono benchi. Kisha akasema ana ombi moja. Nafasi ya tatu iachwe, ya dakika kumi na tano tu, ya kupakia mashine, kwa sababu mtu habebi mashine ya kukata nyasi kwapani. Na pikapu na magari ya wenye maduka yakae kwenye uwanja wa nyuma. Akasema shemeji yake ameteseka sana na jambo hili na ni mtu mwenye moyo mkubwa. Likapita. Hakuna aliyepinga.

Glenys anasema nimepata nilichohitaji na zaidi, na kwamba benchi litaniuzia mashine mpaka nizeeke. Nikamwambia hajaelewa. Nimesalitiwa ndani ya suti yangu mwenyewe.

Nimekaa na kalamu tangu chakula cha jioni. Nimeipitia kampeni yote, siku kwa siku, bila kujionea huruma. Na kosa nimeliona. Ni moja tu. Mgombea wa kando alikuwa mmoja! Akiwa mmoja, kura zote zinaangukia mahali pamoja. Nikiwa na wawili, zitagawanyika vipande vidogo visivyo na madhara. Sijui kwa nini sikuliona mapema.

Februari kuna uchaguzi wa mwenyekiti wa chama cha wenye maduka. Ngaire anagombea. Huko nako wanapanga kwa namba. Mimi nitasimama. Pembeni nitamweka mzee wa duka la rangi, ambaye hasikii vizuri. Na wa pili nimemwomba Glenys, nikamweleza kwamba si lazima afanye chochote, awepo tu, na kwamba watu wangu nitawaambia wamwandikie mbili. Nilitegemea abishe. Hakubisha hata kidogo. Ameshaweka sahihi, na sasa yuko mbele ya kioo anachagua sweta la kupigia picha.